Tangi la Sita

Kwa miaka mingi, wapishi sita wa kiwanda cha sabuni walimpigia simu Mzee Ngwali kumtajia joto la matangi yao. Sasa kila tangi lina kompyuta ndogo inayotuma joto kwenye kompyuta kubwa mezani pake, na wapishi wamerudishwa makwao.

Leo simu ililia alasiri. Alikuwa Mwatime, fundi aliyefunga mitambo.

"Babu, tangi la sita, nyuzi tisini na mbili."

"Naona hapa, mjukuu wangu."

"Najua unaona. Umekula?"

"Bado."

"Kula basi. Kesho nang'oa nyaya za simu, halafu naondoka."

"Usikate kwanza," alisema mzee.

Mwatime akausogeza mkono wa simu karibu na tangi. Mzee akafumba macho, akasikiliza sabuni ikitokota.