Kiingereza cha Ijumaa

Dereva alikataa katakata kujifunza wakati ujao.

"Huo hautanifaa, Mwalimu. Nipe wakati uliopita tu."

Mwalimu aliiweka chaki juu ya kabati la vyombo, akamkazia macho. Alikuwa amestaafu miaka minne iliyopita, ila ukali wake ulikuwa bado kazini.

"Baba, nisikilize. Mwajiri hataki kujua ulifanya nini mwaka juzi. Anataka kujua utamfanyia nini kesho."

 Dereva alifungua daftari lake kwenye ukurasa mpya na kusubiri, kalamu mkononi, mpaka Mwalimu akachoka yeye.

Alikuwa amekuja wiki tano kabla, mgeni kabisa pale mtaani, shati limepigwa pasi lakini mwili umekwisha ndani yake. Shida yake aliieleza kwa maneno machache. Kuna wazee wawili, mke na mume, wanakuja kwa ndege kutoka Uingereza Ijumaa ya mwisho wa mwezi unaofuata. Wamekubali kumwona kwa dakika kumi, na hawajui lugha nyingine ila Kiingereza. Wakishaondoka hawarudi tena. Yeye tangu aachane na usukani, miezi minane sasa, halali wala hali.

Mwalimu hakudadisi. Wageni wanataka gari, gari linataka dereva. Hapo kuna la kuuliza?

"Kwa nini usitafute mkalimani?" alimwuliza mara moja tu.

"Mengine mtu huyasema kwa kinywa chake mwenyewe."

Jibu hilo lilimpendeza Mwalimu. Wanafunzi wake wengi walitaka cheti. Huyu alitaka kusema.

Basi wakaanza na maneno. Usukani, kona, tope, mwendo, pembeni mwa barabara. Dereva aliandika kila neno mara ishirini, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Vitenzi vilimtoa jasho. Aliviachanisha, akavichanganya, akaambiwa ana kichwa cha jiwe, akacheka kidogo, akarudia. Kufikia wiki ya tatu wakati uliopita aliumeza wote.

Zikaja mila.

"Waingereza wana taratibu zao," Mwalimu alimwambia, akitembea huku na huku sebuleni. "Mkono unaushika kwa nguvu, kisha unauachia. Unawatazama machoni. Kwetu ni kukosa adabu, kwao ukiinamisha macho wanajua unaficha jambo. Unaanza na habari za mvua na jua. Na watoto wao usiwaulizie, hayo ni mambo ya ndani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Dereva alikuna shingo. "Na magoti, Mwalimu? Kwao mtu hupiga magoti?"

"Weee! Kazi gani hiyo ya kupigiana magoti? Thubutu, nikusikie!"

Somo lililowashinda wote wawili lilikuwa la samahani. Mwalimu alimfundisha neno lenyewe, akamweleza kwamba watu wale hulitumia ovyo kama chumvi. Ukiwakanyaga wewe, wao ndio wanaoomba radhi.

"Hawana lililo zito zaidi?"

"La nini? Ukichelewa dakika tano, hilo linakutosha."

"Na pole je? Wanaisemaje?"

"Pole hawana. Ni neno lilelile."

Dereva aliiweka kalamu chini. "Aliyekosa na aliyekuja kumfariji mtu, wote wanasema neno moja?"

"Neno moja."

Machozi yakamjaa machoni, akageukia dirishani. Mwalimu alishikwa na aibu kwa ukali wake wote wa wiki zile. Hakujua kwamba mtu mzima anaweza kulilia kazi kiasi hicho. Alikwenda jikoni akamtengenezea chai, na kuanzia siku hiyo akamfundisha asubuhi na jioni, hata Jumapili.

Ijumaa ilipofika, alimsindikiza mwenyewe hadi kwenye nyumba ya wageni. 

"Utaweza, mwanangu," alimwambia mlangoni. "Ukikwama, meza mate, uendelee. Mimi nipo hapa hapa."

Mlango haukufungwa. Kutoka kwenye benchi la ukumbini Mwalimu aliwaona wazee wale vizuri. Mama alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, mkoba mapajani. Baba alisimama nyuma yake. Dereva alinyoosha mkono kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeupokea.

Mwalimu alipandwa na hasira. Miaka thelathini na moja aliwasifu watu hawa kwa adabu zao, na leo wanamwacha mtu na mkono hewani!

Dereva aliushusha mkono. Habari za mvua na jua aliziruka. Mwalimu akaubana mkoba wake kifuani, akimwombea asisahau kila kitu. Lakini Dereva aliinua macho, akamtazama mama, akamtazama baba, akaanza kusema.

Sentensi zile hazikuwa za Mwalimu. Aliziunga mwenyewe, mahali pengine, peke yake. Hata hivyo kila kitenzi kilikaa sawa, na Mwalimu, midomo ikimfuata kimya kimya, alijikuta anatabasamu kwa fahari kabla masikio yake hayajakipata kilichokuwa kikisemwa.

"Binti yenu hakukatiza mbele ya lori langu, kama nilivyoapa mahakamani," Dereva alisema kwa Kiingereza kilichonyooka. "Alikuwa anatembea pembeni kabisa mwa barabara. Mimi ndiye niliyemfuata kule."