Mlango Uliovunjwa Siku ya Mvua

Mwishoni mwa kiangazi, milango yote ya mji wa Lodwar ilijifunga yenyewe kila siku saa nne asubuhi na kufunguka saa kumi na moja jioni, ili jua lisiue mtu. Akai hakuilaumu sheria hiyo. Ilikuwa imeokoa wengi.

Lakini Jumanne moja, saa saba mchana, wingu zito lilitanda na mvua ikaanza kunyesha. Binti yake Nakiru, mwenye miaka sita, hakuwahi kunyeshewa maishani mwake. Alijilaza sakafuni, akapenyeza vidole chini ya mlango.

"Mama, maji ni baridi! Fungua!"

Akai akauambia mlango, "Nje kumepoa. Tufungulie."

"Kiangazi hakijaisha, mama," mlango ukajibu kwa upole. "Tulieni ndani."

Akai akachukua nyundo. Jirani yao, mzee Lokwawi, akapaza sauti nyuma ya kioo cha dirisha lake: "Akai, usivunje! Fundi wa milango haji mpaka Ijumaa!"

Akai alimtazama mtoto, kisha akavunja kitasa. Walicheza mvuani peke yao, majirani wakiwatazama madirishani. Nakiru alicheka hadi akapaliwa.

Kesho yake jua lilirudi kwa ukali. Saa nne milango ya mtaa mzima ikajifunga, isipokuwa mlango wao. Akai akatundika blanketi lililolowa mlangoni, akamlaza Nakiru kwenye kona ya mbali.

"Mama, leo itanyesha tena?"

"Labda, mwanangu," alisema, akimpangusa uso kwa kitambaa chenye maji.

Blanketi lilikuwa limeshakauka.