Harusi ya Kwenye Disketi

Kila serikali ilipobadilisha mitambo, ndoa zilizohifadhiwa kwa mtindo wa zamani zilihesabika hazipo mpaka zihamishwe. Ndiyo maana Shebwana alikuwa akilala kwa dada yake, na mkewe Mwanakombo akimpelekea chai barazani kama mchumba.

Leo fundi Riziki alipachika disketi yao kwenye kompyuta kuukuu. Ikakoroma, ikakohoa, ikasoma. Harusi ikatokea kwenye kioo, marehemu mama yake Mwanakombo akiimba.

“Haya bwana, kabebe mkeka wako urudi nyumbani,” Mwanakombo alimwambia mumewe. Mashoga zake waliomsindikiza wakapiga vigelegele.

Ila ubeti mmoja wa wimbo wa mama haukusikika.

“Kila tukihamisha, kitu kidogo hupotea,” fundi alisema.

Mwanakombo akacheka. Ubeti ule aliimbiwa tangu utotoni. Akafungua kinywa auimbe mwenyewe, na neno la kwanza halikumjia kichwani.