Tundu la Katikati

Tunu alilala kifudifudi mkekani, kitako cha bunduki begani, shavu juu ya mbao. Hakuwa amewahi kufyatua risasi maishani. Kando yake alilala mumewe, Shomari, ambaye kila Jumamosi tangu wafunge ndoa alikuja uwanjani hapa kulenga shabaha, na kila Jumamosi alirudi nyumbani akiulaumu upepo.

"Tazama bendera, mke wangu," alinong'ona. "Toa pumzi polepole. Triga usiivute kwa nguvu, ibembeleze."

"Nawe lenga yako."

Wakafyatua karibu pamoja.

Kule mbali, chini ya kilima, shabaha ya Tunu ilikuwa safi kama shuka mpya. Ya Shomari ilikuwa na matundu mawili: moja pembeni kabisa, jingine katikati ya duara jeusi.

"Mama kapiga ya jirani!" Msimamizi wa uwanja alicheka mpaka akashika kiuno. "Haya, kanuni ni kanuni. Mwenye shabaha huchukua tundu lililo bora. Hongera, Mzee Shomari!"

Tunu akaficha uso kiwikoni. Alijua jinsi mumewe alivyoingoja hongera hiyo. Lakini bendera ilikuwa imelala, hapakuwa na upepo wa kusingizia.

"Niandikie la pembeni," Shomari alisema. "Mkono wangu naujua."

Kisha akausogeza mkeka wake ukagusana na wa mkewe. "Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Tunu, ambaye alifyatua akiwa amefumba macho yote mawili, akarudisha shavu juu ya mbao, akaanza kumfundisha.