Picha Mbili za Chemchemi

Picha zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Jumatatu asubuhi Kijino aliangalia tovuti ya kikundi mara ya pili, mara ya tatu, akasugua macho. Palipoandikwa "Kabla" kulikuwa na chemchemi inayong'aa, majani mabichi, na ndege mweupe aliyesimama kwa mguu mmoja. Palipoandikwa "Sasa" kulikuwa na lundo la taka, matairi na godoro lililooza. Na juu yake, kwa herufi alizozipamba mwenyewe: "Karibuni muone kazi ya kikundi chetu."

"Kijino, umetumaliza!" Fundi viatu, katibu wa kikundi, alikuwa akifoka kwenye simu. "Wiki nzima tovuti, tovuti. Ndiyo tovuti yenyewe hii? Bwana Usafi ameshaiona! Anakuja saa nne, na barua ya kutufungia kikundi anayo mkononi. Yule akisikia habari za uchafu hufika kabla ya nzi!"

Bwana Usafi alikuwa ofisa wa manispaa. Katika makaratasi yake, lile bonde nyuma ya maghala lilikuwa bado jalala, kama lilivyokuwa miaka sita iliyopita, na Ijumaa madiwani wangekaa kuamua kulifukia liwe maegesho ya magari. Kikundi kilikuwa kimemwandikia barua saba: njoo uone maji yamerudi, njoo uone miti. Hakuja hata mara moja. Ndipo Bibi, mwenyekiti, alipomwomba mjukuu wake Kijino, anayetengeneza tovuti za maduka na saluni, awatengenezee na wao. Labda bwana yule angeona akiwa kitini mwake.

Kijino aliifanya kazi siku tatu kwenye meza ya kulia chakula ya Bibi, huku Bibi amekaa pembeni akishona vifungo.

"Mke mwenzangu," Bibi aliuliza, "mtu aliye mbali ataionaje, na mashine iko hapa mezani?"

Kijino alieleza.

"Na ukitaka kuihamisha picha?"

Kijino alimwonyesha mara mbili, polepole, kama mtu anavyomwonyesha mtoto mwezi. Bibi alicheka hadi sindano ikamdondoka. "Haya mambo yenu! Mimi hata rimoti ya televisheni inanishinda."

Jumamosi Kijino alifunga kazi akiwa hoi, macho mekundu. Bila shaka ndipo alipochanganya. Miaka sita ya akina mama kumi na mmoja na fundi viatu mmoja, wamebeba taka migongoni, na yeye amewamaliza kwa kidole.

"Bibi, nazirekebisha sasa hivi," alisema.

"Ameshaona, utamfuta macho?" Bibi alimsogezea kikombe. "Kunywa chai kwanza. Huwezi kulia na njaa."

Saa nne kamili gari la manispaa lilisimama nyuma ya maghala. Bwana Usafi alishuka na wasaidizi wawili, wote wamevaa mabuti ya mpira, pua zimefunikwa. Hakusalimia. Alipita katikati ya akina mama na kuteremka kwa kishindo.

Halafu kishindo kikakoma.

Maji yalikuwa yakitoka chini ya jiwe, meupe kama kioo, yakipita kati ya miti iliyowazidi watu kimo. Msaidizi mmoja alijifunua pua, akavuta hewa, akamtazama mwenzake.

"Jalala liko wapi?" aliuliza Bwana Usafi.

"Umesimama juu yake, mwanangu," Bibi alijibu. "Hapo ulipo palikuwa na godoro."

Kijino alijitokeza. "Samahani mzee. Picha ni mimi niliyezichanganya. Kosa ni langu, msiwaadhibu hawa."

"Mwache huyo," Bibi alisema na kumvutia nyuma yake. "Kosa ni langu. Kama ni kuadhibu, niadhibu mimi. Mjukuu wangu hajakosea kitu."

Kijino alimtazama mgongoni, kile kitenge chake kilichopauka, na machozi yakamlenga. Bibi asiyeijua hata rimoti, amejibebesha mzigo wa kompyuta mbele ya watu.

Lakini Bwana Usafi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinama, ametumbukiza kiganja majini, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeamshwa kwa upole. Kisha akatoa makaratasi yake, akakata neno "jalala", akaandika juu yake "chemchemi, isifukiwe", akasaini akiwa ameegemea mti.

"Ijumaa nitasimama mwenyewe," alisema. "Lakini ninyi nanyi! Kwa nini hamkuniita siku zote hizi?"

Fundi viatu alifungua mdomo kuzitaja barua saba. Bibi akamkanyaga mguu.

Alasiri Kijino alirudi mezani kuzirudisha picha mahali pake. Alitaka pia kujua alikosea wapi, asije akarudia kwa wateja. Akafungua ukurasa ambao tovuti huandika nani amegusa nini na saa ngapi. Walioweza kuingia walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe, na Bibi, aliyefunguliwa njia kwa heshima ya uenyekiti.

Jumapili ilikuwa na mistari kumi na mitatu. Picha imehamishwa. Picha imerudishwa. Imehamishwa. Imerudishwa. Wa mwisho ulikuwa wa saa nane mchana: picha zote mbili zimehamishwa, na jina lililoandikwa pembeni, kama kwenye mistari yote, lilikuwa "Mwenyekiti".