Raba za Kurudia Nyumbani

Masika yalipokaribia, Moza alimwandalia mumewe, karani wa ofisi moja kule Posta, mfuko wa kukaa chini ya meza yake: tochi, chupa ya maji na biskuti. Zilibaki raba tu, wakaenda kuzitafuta kwenye mitumba ya Mchikichini.

"Mabasi yakikwama, uvae hizi uje kwa miguu," alisema, huku akizikunja soli kuona kama zimepasuka.

Mwaka uliotangulia, mafuriko yalipofunga barabara ya Jangwani, mume alingoja ofisini mpaka kesho yake. Moza alijifungua peke yake, kabla ya siku zake, na mtoto hakulia.

Mume alikaa kwenye benchi la muuzaji, akazivaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile viatu havikunizuia, Moza. Ningeweza kutembea. Sikutaka kulowa."

"Najua. Mwenzako wa ofisini alipita nyumbani jioni ile, kalowa mpaka kifuani. Aliniuliza kama umeshafika."

Moza akapiga magoti, akamfunga kamba za raba, akazikaza mpaka mume akakunja uso.

"Simama," alisema. "Tembea kidogo, tuone."