Mgongo wa Bango la Kinyozi

"Naomba unishushie bango lako, mwanangu," alisema Bi Mashavu. "Nataka kuona mgongo wake."

"Mama, hilo halinyolewi!" akajibu Mbaruku kinyozi, na wateja wakaangua kicheko.

Bi Mashavu alicheka nao, kisha akaeleza taratibu. Bango lile lilichorwa na marehemu Kibwana, mchoraji ambaye sasa mji mzima ulijivunia. Bi Mashavu aliishi naye miaka ishirini, lakini waandaaji wa maonyesho ya picha zake waliandika kwamba Kibwana aliishi peke yake, kwa kuwa hawakupata picha hata moja ya mwenzake. Yeye alijua zilikokwenda. Kibwana alimchora kila Ijumaa, na mbao zilipoadimika, aligeuza picha akachora bango la mteja upande wa pili. Bi Mashavu alikwisha kukagua mabango tisa, na yote migongo yake ilikuwa imeliwa na mchwa au kupakwa chokaa.

Mbaruku alipanda kiti, akalegeza skrubu, akaushusha ubao. Bi Mashavu akaupangusa kwa ncha ya kanga, polepole, kuanzia pembeni. Ukatokea ungo wa mchele, kisha kipini puani, kisha macho yanayocheka.

"Loo! Mama, ni wewe!"

"Ni mimi. Na hapo alikuwa akinigombeza nitulie."

Mbaruku akautundika tena ubao, uso ule ukielekea barabarani. Mteja aliyekuwa akiingia alisimama mlangoni, akatazama juu, akamtazama Bi Mashavu, kisha akavua kofia.